Nampelekaje mzee wangu akalione tena daraja la mto Mpanga (TAZARA)? Tunatokea Nachingwea

mwana_nachingwea

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni. Naombeni msaada wa mawazo, hasa wale mnaoijua reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, kile kipande cha milimani kati ya Mlimba na Makambako.

Mzee wangu ana miaka 72. Mwaka 1971 alikuwa kijana wa miaka 19, akaondoka hapa Nachingwea na wenzake kwenda kujenga reli, akakaa huko mpaka 1973, na kazi yake kubwa ilikuwa kwenye daraja la mto Mpanga, lile lenye nguzo tatu ndefu. Alianza kwa kubeba kokoto, baadae mchina mmoja akamfundisha kusuka nondo, tena kwa vitendo tu manake lugha walikuwa hawaelewani, yule anakunja nondo huku anamwonyesha, mzee nae anakunja, akikosea waya unafunguliwa wote anaanza upya mpaka ikae sawa. Ufundi huo ndo uliotulea sisi watoto sita, kuna nyumba nyingi hapa mjini ukiona lenta haijapasuka ujue nondo zake kasuka yeye.

Sasa toka aliporudi 1973 hajawahi kwenda tena kule hata mara moja. Mwezi wa tatu aliumwa sana tukamlaza wiki mbili, alipopata nafuu kitu cha kwanza kuniomba ni hilo daraja. Nikamwambia baba tutapanda treni tupite juu yake, akakataa, akasema yeye hataki kupita juu amekaa kwenye siti kama abiria, anataka asimame chini aitazame ile nguzo ya katikati aliyoisuka. Kila jioni ni hilo hilo na mimi nimeona nisingoje msimu wa korosho, nina akiba kidogo, bora twende sasa.

Na kuna kitu kingine kinaniuma kwenye hii habari. Babu, yani baba yake huyu mzee, nae alikuwa mtu wa reli. Alifanya kibarua kwenye reli ya mradi wa karanga, ile Waingereza waliyoijenga baada ya vita kutoka Mkwaya kule Lindi kuja hapa Nachingwea, alikuwa anabeba mataruma, yale magogo ya kulazia vyuma vya reli. Ule mradi ukafa 1951, reli wakaiunganisha na bandari ya Mtwara na tawi likafika Masasi, alafu 1962 ikafungwa na vyuma vyote vikang'olewa. Babu alisimama pale akaangalia reli yake inapakiwa kwenye malori. Leo Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli na reli yenyewe hamna, vijana wanaozaliwa pale hawajui hata jina limetoka wapi. Kwahiyo baba anaposema anataka akahakikishe ya kwake bado imesimama mimi namwelewa sana.

Maswali yangu ni haya, kutoka huku kusini tupite njia gani, na je kuna namna ya kufika chini ya lile daraja au hata kuliona kwa karibu bila kuvunja sheria, alafu kwa mzee wa miaka 72 mwenye goti bovu inawezekana? Naombeni majibu ya mtu aliyefika.

chikongola_07

Kaka pole kwa kuuguza, na hongera kwa kumjali mzee. Mimi naona rahisi ni panda basi mpaka Dar, nenda stesheni ya TAZARA kata tiketi ya kwenda Mlimba, treni inapita ndani ya hifadhi kule Selous, sikuhizi inaitwa Nyerere, mzee ataona tembo na twiga dirishani. Mimi nilipita 2017 nikiwa naenda Mbeya. Ila lile eneo la milima sikuliona maana tulipita usiku nimelala, nilikuja kushtuka tuko Makambako baridi kali.

Angalizo tu ni hiyo barabara ya Lindi kwenda Dar, mnajua wenyewe mwezi wa tano mwaka huu 2024 kimbunga Hidaya kilivyotukata kule Somanga, sasa magari yanapita ila kuna sehemu ni njia za mchepuko, ulizia kwanza kabla hamjatoka.

mngoni_wa_bombambili

Hapana chikongola usimzungushe mzee mpaka Dar bila sababu. Mtu akiwa Nachingwea anashuka Masasi, hapo ni karibu tu, kisha anashika barabara ya Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea. Hii njia zamani ilikuwa adhabu, mvua ikinyesha mnalala porini siku mbili, leo ni lami tupu mpaka Songea mjini. Kutoka Masasi mpaka Songea ni zaidi ya kilometa 400, lala hapo Songea, usimlazimishe mzee kuunganisha. Asubuhi panda gari ya Njombe, ukifika Njombe Makambako ni kama kilometa 60 tu mbele.

Faida yake ni kwamba unaingia kwenye reli kwa juu. Makambako ndo mwisho wa kupanda kwa treni inayotoka bonde la Kilombero, wewe utakuwa unashuka. Wengi wanaotoka Dar wanapita usiku hawaoni kitu kama alivyosema mwenzetu hapo.

Mwezi huu wa saba Njombe na Makambako baridi yake sio ya kitoto, watu wa pwani huwa mnadharau mnakuja na shati. Mzee mbebee koti zito, soksi, na blanketi lake mwenyewe, na goti bovu linapenda kukaza kwenye baridi kwahiyo mafuta ya kuchulia msisahau.

fundi_njia_mstaafu

Mwanangu mwana_nachingwea nimesoma mara mbili. Mpe mzee salamu zangu, mwambie anasalimiwa na mtu wa gengi, yani kikosi cha kutunza njia ya reli, aliyetunza alichojenga yeye. Mimi niliingia TAZARA 1981 kwenye matengenezo ya njia na miaka 9 kati ya hiyo nilikuwa kipande hicho hicho cha Mlimba–Makambako, kwahiyo ninachokuandikia ni cha kukanyaga kwa miguu.

Kwanza nieleze kwanini daraja liko vile maana vijana wengi wanaona picha wanasema mchina alikuwa anajionyesha. Treni ya mizigo haipandi mlima kama lori, chuma juu ya chuma kinateleza, kwahiyo njia lazima ipande polepole sana na isiwe inashuka bondeni alafu ipande tena. Mlimba iko chini kwenye bonde la Kilombero, Makambako iko juu nyanda za juu kusini, tofauti ni zaidi ya mita elfu moja kwenda juu, na umbali ni kilometa 158 tu, alafu katikati hapo ni milima iliyokatwakatwa na mito. Reli ikifika kwenye korongo haiwezi kushuka kulifuata, lazima ibaki kwenye usawa wake, ndo maana unajenga nguzo ya mita 50 kutoka chini kuja kuishika juu. Na ikikutana na mlima unautoboa. Kipande hicho cha kilometa 158 kina madaraja 46 na mahandaki 18, yani karibu mahandaki yote ya reli nzima ya kilometa 1,860 yako hapo. Handaki moja la Irangi namba 3 lina urefu kama wa mita 800, ukiwa unalikagua kwa miguu na taa ya mkononi unaona mwanga wa upande wa pili kama punje ya mtama.

Kutoka Dar mpaka Mlimba ujenzi ulikwenda haraka, ilipofika milimani ndo kasi ikafa. Pale alipokuwa mzee wako hapakuwa mahali pa mchezo. Udongo wa kule ni laini, mvua ikinyesha kingo zinaporomoka, na mpaka leo adui mkubwa wa mtu wa gengi kipande kile ni maporomoko, usiku wa mvua mlikuwa mnatembea na njia mkono mmoja koleo mkono mmoja taa mnaangalia kama tuta limehama. Lakini nguzo za Mpanga katika miaka yangu yote sikuwahi kuzikuta na mashaka. Mwambie hivyo, asikie kutoka kwa aliyezikagua.

Sasa swali lako. Kutembea juu ya daraja HAPANA, usijaribu na usimsikilize kijana yeyote atakayekwambia lipa elfu tano nikuvushe. Hakuna pa kukimbilia treni ikitokea, na kona za kule zinaficha treni, injini inayoteremka inakuja bila kelele nyingi mpaka iko juu yako. Halafu madaraja makubwa ni mali inayolindwa, ukikutwa unazunguka chini ya nguzo na simu unapiga picha bila ruhusa utaanza kujieleza.

Kinachofanyika ni hivi. Nenda kwa mkuu wa stesheni, iwe Makambako au Mlimba, umweleze ukweli kama ulivyotueleza sisi, kama mzee ana karatasi yoyote ya kazi ya enzi zile beba, hata picha. Omba akuunganishe na watu wa gengi wa eneo la Mpanga. Wao wana njia zao za miguu za kuteremka kukagua, na wanajua ni saa ngapi treni zinapita. Zamani tulikuwa tunapakia wageni wa aina hiyo kwenye kiberenge, kile kigari kidogo cha relini, ila kiberenge ni chombo cha kazi usikitegemee. Na kwenye kijiji ripoti kwa mwenyekiti, usiingie kimya kimya.

Kwa goti bovu kushuka mpaka kwenye maji sikushauri. Ila kuna vilima vya upande, ukisimama unaliona lote, nguzo zote tatu toka miguuni mpaka juu, na ukweli ni kwamba ukiwa chini kabisa huoni daraja, unaona nguzo moja na mbingu.

mwana_nachingwea

Mzee fundi shikamoo sana na asante mno. Nimemsomea baba maneno yako yote, hapo kwenye "sikuwahi kuzikuta na mashaka" akaniambia rudia, nikarudia, akanyamaza akaenda kukaa nje peke yake.

Aliporudi ameniambia nikuulize, je ule mwamba mkubwa mweusi ulio mtoni upande wa juu ya nguzo bado upo, kwasababu hapo ndo walikuwa wanaanika nguo. Na ameniambia niseme kwamba zege la nguzo lilikuwa halisimami, ukianza kumwaga unamwaga usiku na mchana kwa zamu mpaka kimo kile kiishe, wachina na waafrika zamu moja, na fundi wao mkubwa alikuwa anabeba ndoo kama wengine. Hiyo ilimshangaza sana maana alikulia kwenye simulizi za babu za mradi wa karanga ambako mzungu alikuwa anasimama juu ya tuta anaelekeza kwa fimbo.

Karatasi hana, ila anayo beji moja ya chuma na kikombe cha bati.

fundi_njia_mstaafu

Marahaba mwanangu. Mwamba upo, mwambie upo. Maji yakijaa mwezi wa tatu unafunikwa, mwezi wa nane unatoka wote.

Kikombe abebe.

dada_wa_mlimba

Habari zenu ndugu zangu, mimi ni Mmakonde wa Newala nimeolewa huku Mlimba mwaka wa 14 sasa, nimefurahi kuona watu wa nyumbani wanauliza habari za huku. Karibuni sana.

Kaka nikupe ya kwangu ambayo wanaume hamjayagusa. Moja, huku bondeni mbu wapo mwaka mzima, mzee alale ndani ya chandarua, na kama katoka kuumwa juzi pitia daktari wake huko kabla hamjaondoka uje na dawa zake za kutosha. Gesti za hapa stesheni ni za kawaida, safi, ila uliza kama wana chumba cha chini kisichokuwa na ngazi. Chakula hamtapata shida, huu ni mji wa mchele na samaki wa Kilombero, na sasa watu wanalima kokoa sana ukipita barabarani unaona wanazianika kama nyinyi mnavyoanika korosho.

Ya pili ni kwamba wakati mliochagua ni mzuri. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ndo njia za huku zinapitika, ukija kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa tano barabara ya Ifakara mpaka hapa ni tope, watu wanategemea treni. Kuna vijiji huko milimani upande wa Uchindile mpaka leo treni ndo kila kitu, mama mjamzito treni, mahindi treni, maiti treni. Watu wa mjini wanaongelea TAZARA kama historia, huku treni ikichelewa sokoni hakuna ndizi. Naomba mkija mlijue hilo na muwaheshimu watu mnaowakuta, msiende tu kama mnaenda kupiga picha.

La tatu kaka usipange siku ya kurudi kwa kubana. Ratiba ulizia stesheni yenyewe siku mbili kabla, kisha weka nafasi ya siku moja au mbili mbele, mzee asije akapelekeshwa.

Mkifika nitafuteni, nitawapikia. Nina ming'oko, vile viazi pori vya kwetu kusini, niliyoletewa na mama toka Newala wiki iliyopita, mzee wa kusini hawezi kuikataa.

masasi_mjini

Samahani ndugu mtoa mada naomba nitofautiane na wenzangu kwa nia njema. Mzee ametoka kuumwa, safari ni ya siku tatu kwenda na tatu kurudi, mara baridi mara mbu. Hiyo hela si bora umpeleke Dar apande hii treni mpya ya umeme ya SGR iliyoanza mwezi wa sita kwenda Morogoro, masaa mawili kafika, anastarehe, anaona nchi ilipofika? Hiyo ya Mpanga ni zege tu la miaka 50 iliyopita, angalia picha mtandaoni mwonyeshe kwenye simu.

mwana_nachingwea

Ndugu yangu masasi_mjini asante kwa kumhurumia mzee. Picha nimemwonyesha, amesema nguzo ya katikati imekatwa na pembe ya picha. SGR atapanda Mungu akipenda. Lakini hajaniomba starehe.

fundi_njia_mstaafu

Naomba nimwongezee masasi_mjini kidogo kwasababu amesema "zege tu" na najua hajasema kwa ubaya, vijana hamkuwepo.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, sikuhizi Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Zambia ilikuwa haina bahari na shaba yake ilikuwa inapita huko huko kwa walowezi na kwa Wareno. Nyerere na Kaunda wakazunguka kwa mataifa makubwa ya magharibi na Benki ya Dunia kuomba reli ya kwenda Dar, wakaambiwa haina faida. Wachina, ambao wenyewe walikuwa maskini wakati ule, wakakubali, mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967, mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, vyuma vikakamilika 1975, Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwenye kazi hiyo, makaburi yao yako Dar upande wa Gongo la Mboto, na waafrika waliokufa makaburi yao yako vijijini kwao, hayana uzio wala bango.

Na nyinyi watu wa Nachingwea mnapaswa kulijua hili kuliko wote, kwasababu miaka hiyo hiyo Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao ya mafunzo hapo kwenu, Farm 17, kwenye mashamba yale yale ya karanga ya Mwingereza. Huku kijana anasuka nondo Mpanga, kule kwao wenzake wa Msumbiji wanajifunza kushika bunduki. Ilikuwa kazi moja. Reli ya kwenu iling'olewa kwasababu aliyeijenga alitaka karanga, karanga zilipokosekana hakuwa na haja na watu. Hii ya Mpanga ilijengwa ili nchi jirani ipumue. Ndo maana mzee anataka kwenda na mimi ningekuwa na miguu ningeenda nae.

masasi_mjini

Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Mtoa mada mkipita Masasi nitafute mlale kwangu, na nauli ya mzee ya Masasi mpaka Songea nitalipa mimi.

mwana_nachingwea

MREJESHO.

Ndugu zangu nimerudi jana, nimechoka lakini nimeona nisilale bila kuwaandikia maana mlinisaidia sana.

Tulilala Masasi kwa ndugu yetu, katimiza alichosema na akaongeza na korosho kilo mbili za njiani. Tulilala Songea. Njombe baridi ilitukamata kweli, mngoni asante kwa koti. Makambako mkuu wa stesheni alitusikiliza mpaka mwisho, akaomba kuiona ile beji, akaishika muda, kisha akapiga simu Mlimba wakati sisi tumekaa hapo hapo.

Treni tuliyopanda ilitufikisha kwenye milima giza limeshaingia. Nilisikitika nikasema basi, tumepita bure. Mzee hakulala, alikaa dirishani sikio kwenye kioo, kila tukiingia kwenye handaki ananiambia ingia, tukitoka ananiambia toka, kama anafundisha mtu kuendesha. Kuna mahali sauti ya magurudumu ikabadilika, ule mlio mzito wa kwenye udongo ukapotea ukawa mlio mwepesi unaoelea, akanishika mkono kwa nguvu akasema "hapa". Nje ilikuwa nyeusi tupu sikuona chochote. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka mlio mzito uliporudi, ndo akaniachia.

Mlimba dada yetu alitupokea stesheni usiku ule na mumewe, Mungu awabariki. Ming'oko mzee alikula sahani mbili. Siku ya kupumzika tukapumzika, ya pili kijana mmoja wa gengi na mzee mmoja wa kijiji alioelekezwa na mwenyekiti wakatupeleka, bodaboda mpaka inapoishia, kisha mguu polepole, mzee anapumzika kila baada ya hatua 50 tuseme. Hatukushuka mtoni. Walitupandisha kwenye kilima cha pembeni kama fundi alivyosema na ukawa ukweli, nguzo zote tatu zinaonekana toka chini mpaka juu. Mimi nilikuwa nalisikia toka utotoni nikajua baba anaongeza chumvi, kumbe alikuwa anapunguza. Mtu mzima chini ya ile nguzo ni kama sisimizi kwenye shina la mbuyu.

Mzee hakulia kama nilivyotegemea. Alisimama na fimbo yake akaanza kazi, akawa anamuuliza yule kijana wa gengi maswali, maji ya mvua yanatokaje pale juu, ufa mnaupimaje, kingo za upande ule mmepanda majani au mmeacha udongo wazi. Yule kijana akawa anajibu kama yuko kwenye mtihani. Kilichomsumbua ni kwamba msitu umeota sana, sehemu ya kambi yao hakuipata, alizungusha macho muda mrefu anasema hapa palikuwa peupe, hapa palikuwa na jiko, pale mahema. Akaniambia hakujua kwamba miti inaweza kufuta kambi ya watu wengi vile. Mwamba wa kuanikia nguo aliuona, tena wa kwanza kuuona ni yeye na macho yake hayo. Treni moja ya mizigo ikapita tukiwa hapo, mabehewa mengi, tukasikia kwanza kabla hatujaiona, alivua kofia mpaka behewa la mwisho likaingia mlimani.

Alikunywa maji ya mto kwa kikombe chake cha bati, yule kijana alimteremkia kuyachota. Najua dada atasema tungechemsha kwanza, nilishindwa kumkatalia.

Kurudi tukapita Ifakara, Mikumi, Dar, ili asipande tena baridi ya Njombe. Pale Somanga panapitika. Sasa jana tunaingia Mingoyo mzee akamwambia konda amshushe. Nikashtuka nikajua anaumwa. Akasema anataka kufika Mkwaya, aone pale babu alipokuwa anapakua mataruma kutoka kwenye matishari. Tulifika, tukazunguka mpaka jua linazama, tukaonyeshwa ukingo wa maji lakini tuta lenyewe la reli hatukulipata, kila tuliyemuuliza ni kijana.

Kwahiyo naomba tena, mtu wa Lindi yeyote humu, au mwenye mzee wake Mkwaya au Mingoyo anayekumbuka, lile tuta linaanzia wapi pale? Nimemuahidi tutarudi Jumamosi ya wiki ijayo.